Moto wa umeme ndani ya ruloti: fukuza baridi, usialike kifo



Kila mwaka mwezi wa tano ukifika, mvua imekwisha na baridi inaanza kuingia. Mwezi wa sita na mwezi wa saba ndiyo yenye kuuma zaidi. Lubumbashi iko kwenye urefu wa meta 1200 hivi juu ya bahari, na Kolwezi inapita meta 1400. Kwa hiyo usiku joto linashuka mara nyingi chini ya digri 10, na kule juu ya Biano na Kundelungu baridi inazidi tena.

Mtu anayelala ndani ya nyumba ya matofali anafunga dirisha, anajifunika, anapata usingizi. Lakini mwenzetu anayelala porini karibu na mashini ya kutoboa udongo, au mlinzi anayechunga vifaa vya kazi, yeye analala ndani ya nyumba ya magurudumu, ile tunayoita ruloti. Ukuta wake ni mwembamba. Jua likitua, bati linapoa upesi, na saa nane ya usiku mtu anatetemeka chini ya blanketi mbili. Asubuhi anapanda kwenye mashini bila kulala vizuri. Mtu asiyelala vizuri ni mtu wa ajali, hilo mnalijua.

Basi baridi ile lazima tuifukuze. Lakini tuifukuze kwa njia gani? Ndilo jambo la makala yetu ya leo.

ADUI ASIYE NA HARUFU

Wengi wanasema: "Mimi ninawasha mbabula nje. Moshi ukikwisha na makala yakiwa mekundu, ninaiingiza ndani. Hakuna moshi, hakuna hatari." Ndugu, maneno hayo yamekwisha kuua watu wengi. Moshi unaokutoa machozi unakuonya; unakuambia utoke. Lakini makala mekundu yasiyo na moshi yanatoa gazi inayoitwa oksidi ya kaboni, ambayo waganga wanaiandika CO. Gazi hii haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Hakuna kitu kitakachokuamsha.

Inafanya kazi namna gani? Damu yetu inachukua hewa safi, yaani oksijeni, kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Gazi ya CO inashikamana na damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Inakaa mahali pa oksijeni na kukataa kuondoka. Mtu anaendelea kupumua, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo na moyo vinakufa njaa ya hewa. Hewa ikiwa na sehemu 400 za gazi hii katika milioni moja, kichwa kinaanza kuuma katika saa moja au mbili. Ikifika sehemu 1600, mtu anaweza kufa kabla ya saa mbili kupita. Ruloti ni chumba kidogo. Mbabula moja inatosha kabisa kuijaza.

Wachimba madini wanamjua adui huyu tangu zamani. Mwaka 1896, baada ya mlipuko ndani ya mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown kule Wales, mganga John Scott Haldane alichunguza maiti na kuona kwamba wengi hawakuuawa na mlipuko wenyewe bali na gazi hii. Alishauri wachimbaji washuke na wanyama wadogo, kwa sababu mnyama mdogo anazimia kabla ya mtu. Ndiyo sababu migodi ya Uingereza ilitumia ndege wadogo wa manjano mpaka mwaka 1986, vifaa vya kielektroniki vilipochukua nafasi yao.

Ndani ya ruloti yako hakuna ndege wa kukuonya. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni fupi: kitu kinachowaka moto hakilali pamoja na mtu. Iwe mbabula, iwe jiko la petroli, iwe jiko la gazi ya chupa lililotengenezwa kwa kupika.

FUNGA NJIA ZA BARIDI KWANZA

Nyumba za magurudumu zinajulikana sana Ulaya na Amerika, ambako watu wanazikokota nyuma ya gari wakati wa likizo. Wengi wao, baridi ikikaza, wanaongeza radiatere ya umeme mahali penye prizi. Jambo la kwanza wanalojifunza ni kwamba kununua radiatere kubwa hakusaidii kitu kama ukuta unaacha joto litoroke.

Tuchukue mfano wa ruloti yenye urefu wa meta 5, upana wa meta 2 na kidogo, na kimo cha meta 2. Ikiwa ukuta wake umevikwa vizuri kwa ndani, radiatere ya wati 1000 inatosha kwa kawaida kuleta digri 18 ndani wakati nje kuna digri 6. Lakini ikiwa ni bati tupu, utahitaji wati 3000 na zaidi, na bado mgongo wako utapata baridi ukiegemea ukuta.

Kwa hiyo, kabla ya kutafuta umeme, fanya kazi hizi:

Vika ukuta na dari kwa povu gumu la senti 3 hivi, kisha lifunike kwa mbao nyembamba. Usiliache povu wazi, maana linashika moto upesi na moshi wake ni sumu.

Tandika kitu sakafuni: mkeka mnene, zulia kuukuu, hata makartoni makavu. Baridi kubwa inapanda kutoka chini, kwa sababu upepo unapita kati ya magurudumu.

Ziba nyufa za mlango. Tia pazia nzito kwenye dirisha.

Lakini angalia: matundu ya hewa, lile la chini na lile la juu, usiyazibe hata siku moja. Mtu anayelala anatoa mvuke kwa pumzi yake. Usipoutolea njia, unageuka maji ukutani, godoro linalowana, uvundo unaota, na kikohozi kinaanza. Joto kidogo litakalopotea kwenye matundu ni bei ya uzima wako.

HESABU YA UMEME

Fundi wa umeme atacheka akisoma sehemu hii, kwa sababu yeye anaijua. Lakini ajali nyingi zinaletwa na yule asiye fundi, anayechomeka tu kila kitu panapo tundu.

Hesabu ni nyepesi: gawanya wati kwa volti, utapata ampere. Umeme wetu ni wa volti 220. Radiatere ya wati 1000 inakula ampere 4 na nusu. Radiatere ya wati 2000 inakula ampere 9. Birika la umeme la kuchemshia maji linaweza kula ampere 9 vilevile. Ukiwasha radiatere kubwa na birika pamoja, umefika ampere 18, na prizi ya kawaida haibebi zaidi ya 16. Hapo disjonkteri inakata. Ikikata, inakusaidia. Usiilaumu, na usiibadilishe kwa nyingine kubwa zaidi, wala usitie kipande cha waya mahali pa fyuzi. Ukifanya hivyo, waya ndani ya ukuta ndio utakaowaka usiku.

Kablo inayoleta umeme kwenye ruloti iwe na nyaya tatu, na kila waya uwe na unene wa milimeta 2,5 za mraba kwa ampere 16. Kablo nyembamba ya taa haifai. Ikiwa kablo imeviringishwa kwenye gurudumu lake, ifungue yote mpaka mwisho kabla ya kuwasha. Kablo iliyoviringishwa inajipasha yenyewe, kwa sababu joto lake halina mahali pa kutokea. Mpira unayeyuka na nyaya zinagusana.

Radiatere ichomekwe peke yake moja kwa moja kwenye prizi ya ukutani. Prizi zenye vichwa vingi ni za redio na za kuchajia simu, si za kupashia joto. Baada ya nusu saa, gusa fishi kwa mkono mkavu. Ikiwa ina moto, zima na umwite fundi: mahali fulani chuma hakishiki vizuri.

Wengine wanauliza: "Je, betri ya gari haiwezi?" Haiwezi. Betri ina volti 12. Kupata wati 1000 kutoka kwake, zitapita ampere 83. Betri ya ampere-saa 100 itakwisha katika saa moja hivi, na asubuhi gari haliwaki.

Wengine tena wanaletewa radiatere na ndugu aliye Marekani. Kule umeme wa nyumbani ni wa volti 120. Radiatere ya kule ya wati 1500, ukiichomeka hapa kwenye volti 220, inavuta nguvu zaidi ya mara tatu, karibu wati 5000. Haitakaa dakika nyingi kabla ya kuungua. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka.

RULOTI IMESIMAMA JUU YA MIPIRA

Hapa ndugu msomaji, soma polepole. Ruloti ni sanduku la chuma lililosimama juu ya magurudumu ya mpira, na mpira haupitishi umeme. Siku waya mmoja ukichubuka na kugusa bati, sanduku lote linachukua umeme. Aliye ndani, juu ya mbao, hasikii kitu. Lakini mwenzake anayerudi kutoka kazini, viatu vimelowa umande, anashika mpini wa mlango na kukanyaga udongo mbichi. Umeme unapita ndani ya mwili wake kwenda ardhini. Sehemu 50 katika elfu moja za ampere, yaani milia-ampere 50, zinaweza kusimamisha moyo.

Kuna dawa mbili, na zinakwenda pamoja. Ya kwanza ni waya wa ardhi: bati la ruloti lifungwe kwa waya wa kijani na manjano, na waya huo ufungwe kwenye fimbo ya chuma iliyopigwa chini ardhini. Ya pili ni diferansieli ya milia-ampere 30, kifaa kinachokata mara moja kikiona umeme unatoroka. Kina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze kila mwezi. Kisipokata, hakifai tena. Kazi hizi ni za fundi wa umeme mwenye ruhusa. Kazi yako wewe ni kukataa kulala ndani ya ruloti ambayo hazijafanywa.

MAHALI PA RADIATERE

Chagua radiatere ya mafuta yenye kifaa cha kupimia joto na inayojizima ikianguka. Zile zenye waya mwekundu ulio wazi zisiingie ndani ya ruloti. Iwe mbali na kitanda, pazia na nguo: meta moja pande zote. Ruloti ni finyo, kwa hiyo afadhali ishikizwe mahali pamoja, mtu asiipige teke usiku akitafuta mlango. Wala isizibe mlango, maana mlango ndio njia yako ya kukimbilia.

Usianike juu yake nguo za kazi zilizolowa. Hasa zile zenye mafuta ya mashini.

GRUPU: ADUI YULEYULE ANARUDI KWA MLANGO MWINGINE

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo watu wengi hawalifikirii. Porini hakuna nguzo za umeme. Umeme unatoka kwenye grupu. Na kila grupu, ya esansi au ya mazuti, inatoa kwenye bomba lake ile gazi ya CO tuliyoisema juu. Ya esansi inatoa nyingi sana.

Mtu anaacha mbabula kwa sababu amesikia hatari yake. Ananunua radiatere, amefanya vizuri. Halafu anaogopa wezi, au kablo yake ni fupi, naye anaweka grupu chini ya dirisha au mbele ya mlango. Mwingine anaiweka chini ya ruloti yenyewe ili isinyeshewe. Usiku gazi inapanda kwa matundu ya sakafu na kuingia polepole. Ni kifo kilekile cha mbabula, ila kimebadilisha njia.

Kwa hiyo grupu ikae mbali, meta 6 ndiyo kipimo cha chini kabisa, na ukiwa na kablo ndefu uende mbali zaidi. Bomba la moshi lielekee upande wa pili. Angalia upepo kabla ya kulala, na uangalie tena ukiamka usiku, kwa maana upepo unageuka. Ukiogopa wezi, ifunge kwa mnyororo kwenye mti. Ukiogopa mvua, ijengee paa lisilo na kuta. Usitie esansi wakati ingali na moto. Na waya wa ardhi wa grupu ufungwe na fundi, maana bila kazi hiyo diferansieli haiwezi kukulinda.

Pamoja na hayo, kuna kengele ndogo ya betri inayolia ikisikia gazi ya CO. Ndiye ndege wa siku hizi. Kila ruloti inayolaliwa inastahili kuwa nayo, na shefu wa kikosi anastahili kuiomba. Jaribu kitufe chake kila mwezi, na usitoe betri zake kwa kuzitia kwenye tochi.

UMEME UKIKATIKA

Saa ya majaribu ni hiyo: saa tisa ya usiku, esansi imekwisha, baridi inaingia, na mbabula iko pale nje. Mkono unaivuta. Usiivute.

Jitayarishe mapema jioni. Vaa nguo nyingi nyepesi moja juu ya nyingine kuliko koti moja zito. Vaa kofia na soksi kavu. Weka blanketi moja chini yako, si zote juu. Chemsha maji nje, yatie ndani ya chupa inayofungika vizuri, izungushie kitambaa, iweke miguuni. Kula chakula cha moto kabla ya kulala.

Na lutuku? Wengi wanasema inapasha mwili. Inakudanganya. Pombe inafungua mishipa ya ngozi: unasikia joto usoni, kumbe joto la ndani ya mwili linatoka nje. Tena mlevi haamki kichwa kikimuuma.

UTAJUAJE KAMA GAZI IMEINGIA?

Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, miguu inalegea, unatapika, mawazo yanachanganyika. Utasema: ni malaria. Ndiyo, vinafanana, na hapo ndipo watu wanapopotea. Lakini jiulize maswali matatu. Je, tuliolala pamoja tunaumwa sote asubuhi moja? Je, mwili hauna homa? Je, tukikaa nje kichwa kinapungua, na tukirudi ndani kinaanza tena? Jibu likiwa ndiyo, toka nje na uzime kila kinachowaka. Usimeze dawa za malaria na kurudi kulala kitandani humo.

Ukimkuta mwenzako amezimia, ita watu kwanza. Fungua milango na madirisha, mvute nje upesi, usikae ndani. Akipumua, mlaze kwa ubavu. Asipopumua, anza kumpa pumzi na kumkandamiza kifua kama mlivyofundishwa, na usiache mpaka msaada ufike. Ikiwa ni umeme uliompiga, usimguse kabla ya kukata umeme.

Mpeleke dispensari hata akisema amepona. Kwa hewa ya kawaida, saa 4 au 5 zinapita kabla nusu ya gazi kutoka katika damu. Kwa oksijeni safi inayopumuliwa kwa kifuniko cha uso, ni saa moja au moja na nusu. Na mwambie infirmie neno moja: "makala", au "grupu". Ni lazima, kwa sababu kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni hakitofautishi gazi hii na oksijeni. Kinaweza kuonyesha 98 kwa mtu anayekufa. Mama mwenye mimba apelekwe hata kama anaumwa kidogo tu, maana mtoto tumboni anaumia kuliko mama.

KABLA YA KUZIMA TAA

Ndugu mtumikaji, kila jioni pitia maneno haya:

Mbabula iko nje na itabaki nje?
Grupu iko mbali, na upepo unapeleka moshi upande mwingine?
Kablo imefunguliwa yote, na fishi haina moto?
Radiatere iko peke yake, meta moja kutoka kitandani?
Matundu ya hewa yako wazi?
Kengele inafanya kazi?

Ni dakika mbili tu. Na haya si ya ruloti peke yake. Nyumbani pia, usiku wa mwezi wa saba, mama anaweza kuingiza mbabula katika chumba cha watoto kwa mapendo yake. Mweleze yale uliyosoma hapa. Watoto wavishwe vizuri, walale pamoja chini ya blanketi, na mbabula ikeshe peke yake uani.

Baridi ya usiku mmoja inakwisha jua likitoka. Aliyelala na makala hasubiriwi tena kazini.